Ndege Ni Saa Moja

Zuhura binti Mussa alizaliwa Lukozi, upande wa bondeni. Mwaka hakuujua. Mama yake alimwambia ulikuwa mwaka wa nzige. Mimi wakati huo nilikuwa nachunga mbuzi, kwa hiyo nilimzidi sana.

Alikuwa mwanamke wa maneno. Mimi si mtu wa maneno. Watu walisema tukikaa pamoja Zuhura anasema yake na yangu pia. Ni kweli. Tangu aondoke, hata mlango naufungua polepole, sijui kwa nini.

Nilimuoa zamani za matuta. Serikali ya Wazungu iliamuru kila mtu achimbe matuta shambani kwake, udongo usishuke na mvua. Kazi ile ilivunja watu migongo, na asiyechimba alipelekwa barazani. Siku moja bwana shamba alipita kukagua. Akamkuta Zuhura amekalia mpini wa jembe, miguu ameinyoosha.

"Matuta yako yako wapi?"

"Nimeanza na hili moja," Zuhura akasema, akajishika tumbo. Alikuwa na mimba ya Amina.

Bwana shamba alikuwa Mshambaa mwenzetu. Alijaribu kukasirika akashindwa. Akaenda zake.

Siku ya Uhuru tulishuka Lushoto kwa miguu kuona bendera. Watu wamevaa vizuri. Zuhura kajitwika tenga la kabichi. Nikamwambia leo ni siku ya furaha, ziache. Akasema, "Uhuru utakuwepo hata kesho, kabichi zitaoza." Watu wakaimba, akaimba nao, tenga kichwani. Jioni tulirudi na tenga tupu.

Ulipokuja Ujamaa tukapewa shamba la kijiji, maharage na mahindi. Zuhura ndiye aliyeongoza wanawake kwenye mistari. Balozi wetu wa nyumba kumi, Rajabu, alikuwa hodari wa hotuba, lakini jembe lake lilikuja shambani limechelewa, linang'aa.

"Balozi," Zuhura alimwambia mbele ya watu, "hilo jembe umelioa lini? Naona bado lina haya."

Rajabu alilima siku ile mpaka jioni. Hakumchukia. Hakuna aliyeweza kumchukia Zuhura.

Jambo moja tu lilimtisha. Baba yake, Mussa, alikwenda kukata mkonge huko chini akafia huko. Habari ilifika baada ya mwaka. Hakuna mtu wa kwao aliyeonyeshwa kaburi. Zuhura alikuwa msichana, na tangu hapo hakutaka kulala mbali na kwao. Kila alipougua, hata mafua, alinishika mkono akasema maneno yale yale.

"Baba Amina, usiniache nikafia kwa watu baki. Nataka nikifumba macho nisikie Kishambaa."

Nilikuwa nasema, "Sitakuacha."

Mwaka ule wa njaa, tulipokula unga wa njano, tumbo lake lilianza kuvimba upande mmoja. Alifikiri ni ule unga. Tukaenda hospitali Lushoto. Wakatuambia tushuke Tanga. Tanga wakamlaza wodini, wakampima, na siku ya tatu daktari akaniita nje. Akasema ni uvimbe, unatakiwa kukatwa, na wa kuukata yuko Moshi. Kwa gari hatafika, barabara itamtikisa uvimbe upasuke. Lakini siku hiyo kulikuwa na kindege kilichomleta daktari mmoja wa misheni, na kinarudi Moshi. Kina nafasi ya mgonjwa mmoja na nesi wake.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utafuata kwa basi, mzee."

Nilirudi ndani nikamweleza. Zuhura akasema, "Mimi hata juu ya paa sijapanda."

Akaniambia nikaulize vizuri. Nikatoka nikamkuta nesi mlangoni, binti mwenye haraka, ameshika sinia la sindano. Nikamuuliza, "Mwanangu, mpaka Moshi, ndege ni saa ngapi?"

"Saa moja, baba. Usiwe na hofu."

Nikashukuru. Nikarudi kitandani. "Ni saa moja," nikasema.

"Saa moja jua linazama," akasema Zuhura. "Watanirusha gizani?"

"Labda ina taa."

Wakati huo ilikuwa asubuhi bado, chai ndiyo kwanza inatolewa. Zuhura akafikiri. Akasema basi siku ni ndefu, niende nikamlete Hassani aje waagane.

Hassani alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Naye alishuka kufuata mkonge kama baba yao, alikuwa kwenye shamba moja mbele ya Pongwe. Kutoka mjini si mbali ukipata lori.

"Nikikuacha hapa?" nikamuuliza.

"Unaniacha mpaka jioni tu. Nenda. Usipomleta, nitapanda hiyo ndege nimenuna."

Nikaenda.

Lori nililipata nimeshachoka kusubiri. Hassani nilimkuta kwenye korona, pale wanaposaga majani ya mkonge yakatoka nyuzi. Nywele zake nyeupe kwa vumbi, nusura nisimtambue. Nyapara akasema hatoki mpaka amalize zamu yake. Nikakaa kwenye gogo nikamsubiri. Alipotoka alinawa, akavaa shati, tukasimama barabarani kungoja gari la kurudi mjini.

Tukiwa pale, kindege kikatoka upande wa mjini. Kidogo, cheupe. Kikapita juu yetu, kikashika upande wa milimani.

"Shemeji," akasema Hassani, "huko Lushoto vitu hivi mnavijua?"

"Tunavisikia vikipita."

"Basi mpungie mkono. Labda ndiye mkeo huyo anakwenda."

"Yake ni saa moja," nikasema.

"Saa moja? Jua limekuchwa? Ndege gani huyo anaruka usiku, popo?"

Nikacheka. Tukacheka wote wawili, kikapita.

Tulipofika wodini kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Mama wa Kidigo, ananipokea kwa macho kama mimi ndiye daktari. Nikatazama vitanda vingine. Nikafikiri wamemhamisha. Yule nesi akaja.

"Baba, ulikuwa wapi? Tumekutafuta mpaka nje getini. Wameondoka alasiri."

"Uliniambia saa moja."

"Ndiyo. Ni saa moja mpaka Moshi. Sasa hivi ameshafika zamani."

Hassani ndiye aliyeelewa kwanza. Akamwambia yule binti kwa sauti ya chini, "Wewe ulimwambia mwendo. Yeye ameshika wakati."

"Aliniuliza saa ngapi," nesi akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo nilivyouliza."

Nesi akaanza kulia. Nikamwambia asilie. Nilimuuliza kama Zuhura aliacha neno. Akasema wakati wanamweka kwenye machela alikuwa anauliza, "Mume wangu bado? Ndugu yangu bado?" Wakamwambia rubani hawezi kungoja, mawingu yanakuja. Akasema sawa. Halafu hakusema tena.

Zuhura kutokusema tena. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hassani hakupewa ruhusa ya kwenda Moshi. Alinisindikiza asubuhi stendi. Nikapanda basi. Nilikaa dirishani, upande wa kulia, ambako milima yetu inaonekana. Tukapita Korogwe. Tukafika Mombo, basi likasimama watu wanywe chai, na pale kwenye magari ya Lushoto nikamuona Rajabu balozi, anapakia mbegu za kijiji. Tukasalimiana Kishambaa kupitia dirishani.

"Mgoshi, shuka basi, gari la nyumbani hili hapa. Mama Amina umemwacha wapi?"

"Yuko Moshi."

"Moshi? Kaenda na nani?"

"Kaenda na ndege."

Rajabu akawageukia watu wa stendi. "Jamani, mnamsikia mzee huyu. Mke anapanda ndege, mume anapanda basi. Kumbe mahari uliyotoa ilikuwa ndogo."

Watu wakacheka. Kisha Rajabu akaniangalia vizuri. Akasogea karibu na dirisha.

"Anaumwa sana?"

"Sana."

"Na yuko peke yake huko?"

"Yuko peke yake."

Akakata kichane cha ndizi kwenye mzigo wa mtu, akanipitishia dirishani. Yule mwenye ndizi hakudai kitu. Rajabu akasema atamwambia Amina. Basi likaondoka.

Tukapita Mazinde. Jua lilikuwa limeshapanda. Pale milima imesimama karibu sana na barabara, unaona miamba, unaona moshi wa nyumba za watu huko juu. Nilijua nyuma ya ukuta ule iko nyumba yangu na imefungwa. Nikatazama juu. Nilikuwa nawaza kama Zuhura amepita hapa jana akaona chini, akaona mabonde yetu yalivyo, akajua hili ni letu. Sijui ukiwa juu mtu unatambua. Nilikaa nikiwaza hivyo mpaka milima ikaisha.

Mbele ya Hedaru basi likaharibika. Dereva alifungua chini akachafuka mafuta mikono yote miwili, akasema kitu kinachotakiwa kiko Same. Mtu akatumwa. Tukalala pale pale. Kulipokucha kifaa kikaja, tukaondoka, na Moshi niliingia adhuhuri.

Hospitali ile ni kubwa. Nikataja jina lake mezani. Dada aliyekuwa pale akatazama, akamwita mwingine, wakasemezana. Kisha akaja upande wangu wa meza akasema, "Kaa kwanza, mzee."

Mtu akikuambia kaa kwanza, umeshajua.

Walimpasua jioni ile aliyofika. Usiku alikuwa mzima. Asubuhi, jua limeshapanda, akakata roho. Nilikuwa Mazinde.

Wakaniambia Waislamu wa mjini walikuja kumchukua, na wamemzika jana alasiri. Nikasema wamefanya vizuri.

Dada yule akanipeleka kwa mwanamke mmoja wodini, Mpare, anaitwa Efrazia. Alikuwa kitanda cha jirani na Zuhura. Mguu wake mmoja umefungwa, hawezi kushuka. Nikamwamkia, akaniambia nikae kitandani pake kwenye ncha.

"Ndiye wewe Baba Amina."

"Ndiye."

"Alikusema sana. Nilikuwa nimeshachoka na wewe kabla sijakuona."

Nikamuuliza alikuwaje.

"Alikuja anatetemeka. Nikafikiri ni ugonjwa, kumbe ni ndege. Nikamuuliza, umeona nini huko juu? Akasema, 'Sijaona kitu, walinilaza chali, nimeona bati.' Akasema rubani aliwaambia hapa chini ni Usambara, nesi akatazama dirishani, yeye hakuweza kuinuka. Akamwambia nesi, 'Nitazamie, unaona nini?' Nesi akasema anaona mawingu tu."

Nikaziweka ndizi chini.

"Jioni ile," Efrazia akaendelea, "kabla hawajamchukua kumpasua, kengele ya chakula ililia. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa moja. Akaanza kucheka. Akashika tumbo, anacheka. Akasema, 'Sasa hivi mume wangu na ndugu yangu wamesimama Tanga wananisubiri tuagane. Na mimi niko hapa.' Ndipo akanieleza mambo ya ile saa. Tukacheka wote."

"Hakukasirika?"

"Alicheka, nakwambia. Baadaye alilia kidogo. Lakini si hasira."

Nilimuuliza lile nililokuja kuuliza. Nilimuuliza kama asubuhi ile kulikuwa na mtu wa kusema naye Kishambaa.

Efrazia akatazama mguu wake. "Mimi Kipare na Kishambaa chenu ni binamu. Alipoanza kusema yake nilikuwa nashika hili, naacha lile. Nikamjibu Kipare. Sijui alisikia nini. Lakini alikuwa ananijibu."

Nikamshukuru. Nikamwachia ndizi zilizobaki.

Mzee wa msikiti anaitwa Abdallah, anashona kofia. Alinipeleka makaburini. Njiani akasema, "Tulikusubiri. Hospitali walituambia mume yuko njiani. Tukasema adhuhuri, hujafika. Tukangoja mpaka alasiri. Jua lilikuwa kali sana, mzee wangu."

"Mmefanya vizuri."

"Wanawake wa hapa walimuosha. Sanda ilitoka msikitini. Watu walikuwa wengi, walidhani ni mtu wa mjini."

Kaburi lilikuwa na udongo mbichi, mwekundu kama wetu. Upande wa kulia kaburi la mtu, upande wa kushoto nafasi. Abdallah akasoma, mimi nikaitikia. Kisha akaondoka bila kuniaga, akarudi na bakuli la uji akaniwekea karibu, akaondoka tena. Nilikaa. Nilijaribu kumwambia habari za safari, kuhusu basi na Rajabu na mahari. Maneno hayakuja vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa akiyasema.

Nyumbani tuliweka matanga bila maiti. Watu walikuja wengi. Wengine waliuliza, kutoka hapa mpaka Moshi ni mbali kiasi gani. Katibu wa kijiji akataja maili. Mtu mwingine akasema kwa ndege si kitu. Rajabu akamwambia anyamaze.

Tangu hapo kila mwaka baada ya kuvuna nilikuwa nashuka Mombo, napanda basi, nalala kwa Abdallah, nafagia kaburi, narudi. Ile nafasi ya kushoto ilikuwa bado haijachukuliwa. Abdallah hakuniambia kitu, lakini niliona mazishi mapya yanakwenda upande mwingine. Sasa magoti hayataki. Mwaka jana nilipanda ngazi ya basi kwa kubebwa.

Mwaka huu nimemwambia Amina nataka kwenda kukaa Moshi. Msikiti una chumba cha uani, wazee wawili wanakaa humo. Abdallah amesema wa tatu ataingia.

Amina alikuwa anapepeta maharage. Akaweka ungo chini.

"Tate, watu watasema nimekufukuza."

"Waambie nimemfuata mama yako."

"Mama amekufa miaka mingapi? Wewe ni Mshambaa, una nyumba, una shamba, utakwenda kufia uani kwa watu?"

"Yeye alifia kwa watu. Mimi nilimwambia sitamwacha."

"Si ulikuwa njiani? Kosa ni la nani?"

"La mtu hakuna. Lakini yuko peke yake."

"Na mimi?" akasema. "Mimi hapa ni nani?"

Nikamwambia yeye ana mume, ana watoto, ana kelele nyumbani. Mama yake ana mtu mmoja tu, na yuko Lushoto. Amina akageuza uso. Anafanana na mama yake akigeuza uso, ila mama yake angejibu.

Akachukua ungo akapepeta mpaka maharage yakawa safi, hakuna ganda. Mimi nikawa nayaokota yaliyoanguka.

Baadaye akasema, "Hutakwenda peke yako. Nitakupeleka mimi, nipaone, nijue pa kuja."

"Sawa."

"Na huko wanapika bada?"

Nikasema ugali wa muhogo sijaona, wanakula ndizi na ugali wa mahindi.

Akasema basi nisiondoke wiki hii. Muhogo bado uko juani, haujakauka vizuri. Ukikauka atautwanga, anifungie unga.